Stesheni na Mlango wa Mji: Uhakiki wa Kituo Kikuu cha Reli cha Nairobi na Nafasi Yake kwa Msafiri

Ikisiri

Makala hii inahakiki stesheni kuu ya reli ya Nairobi kama jengo, kama mahali na kama jina, na kuuliza inamfanyia msafiri jambo gani ambalo stesheni mpya ya Syokimau haimfanyii. Hoja yake ni kwamba mijadala ya reli katika Afrika Mashariki hupima safari kuanzia stesheni hadi stesheni, ilhali msafiri huipima kuanzia mlango wa nyumba yake hadi mlango wa anakokwenda. Kwa kuilinganisha Nairobi na Dar es Salaam, makala inadai kuwa mahali pa kuweka stesheni ni uamuzi wa kijamii kabla ya kuwa uamuzi wa kihandisi.

Saa za treni na saa za msafiri

Treni ya Madaraka Express ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, mkesha wa Siku ya Madaraka, na sifa yake ya kwanza ilikuwa kasi. Safari ya Mombasa hadi Nairobi, ambayo kwa reli ya zamani ilichukua usiku kucha na mara nyingi ikala sehemu ya mchana uliofuata, ilishuka hadi saa tano hivi. Mhakiki mwaminifu hawezi kukana kwamba hayo ni mafanikio. Aliyewahi kukesha katika behewa la daraja la tatu, treni imesimama gizani katikati ya Tsavo na hakuna wa kumweleza sababu, hahitaji kushawishiwa.

Hata hivyo, saa tano hizo zina mipaka. Zinaanza kuhesabiwa treni inapoondoka Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa, na zinakoma inaposimama Syokimau, upande wa Barabara ya Mombasa, mbali na kitovu cha Nairobi. Abiria walio wengi hawakai Miritini wala hawaendi Syokimau. Wanatoka Likoni, Kisauni au Majengo. Wanakwenda Kawangware, Eastleigh, Kikuyu au Thika. Mtu wa Likoni huvuka kwanza kwa feri, kisha hutafuta gari la kumfikisha Miritini. Hutakiwa kufika mapema, kwa kuwa mizigo hupangwa chini kwa mstari ili inuswe na mbwa wa usalama, kisha hupitishwa kwenye mashine. Akishuka Syokimau, safari yake ya Nairobi ndiyo kwanza inaanza. Saa tano zimekwisha kuwa nane au tisa bila ya mtu yeyote kusema uongo. Saa za treni si saa za msafiri, basi.

Tofauti hiyo haionekani katika hotuba za uzinduzi. Inaonekana kwa mama mwenye mtoto mgongoni na begi mbili, anayehesabu nauli ya matatu ya kwanza, ya treni, ya matatu ya pili na ya bodaboda ya mwisho, kisha akalinganisha jumla hiyo na tiketi moja ya basi linalomshusha katikati ya mji. Nauli ya daraja la kawaida ya Madaraka Express ilianza kwa shilingi 700 mwaka 2017, na tangu Januari 2024 imekuwa shilingi 1,500. Nauli hiyo peke yake si ghali kwa safari ndefu kama ile. Gharama iliyofichika ni ile ya kuifikia stesheni na ya kuondoka hapo, na hiyo haiandikwi kwenye tiketi.

Mji ulioitafuta stesheni

Miji mingi ya kale ilijengewa stesheni baada ya kuwapo kwa karne kadhaa. Nairobi ni kinyume. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896, na mataruma yakafika mahali hapo mwishoni mwa Mei 1899. Palikuwa na uwanda wenye maji na kinamasi, tambarare ya mwisho kabla ya reli kuanza kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Wahandisi walihitaji nafasi ya karakana, maghala na nyumba za wafanyakazi, wakaipata hapo, na makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mji mdogo wa mabati na mahema ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Barabara kuu ya mji huo, iliyoitwa Government Road na ambayo leo ni Moi Avenue, ilielekea stesheni. Mtu aliyeshuka kwenye treni alitoka mlangoni na kujikuta yumo mjini.

Jambo hili lisichukuliwe kama wimbo wa sifa kwa wakoloni. Mlango huo haukuwa mmoja kwa watu wote. Mabehewa yalipangwa kwa daraja, na daraja zilifuata rangi: Wazungu la kwanza, Wahindi la pili, Waafrika la tatu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sheria ya kipande ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba hati yake kila aendako, hivyo kwake kufika mjini kulikuwa pia kufika mbele ya mkaguzi. Waliojenga na kuendesha reli walipangiwa makazi mahali kama Muthurwa na Makongeni, karibu na kazi kiasi cha kusikia king'ora, lakini upande mwingine wa mji wa mabwana. Kumbukumbu tamu za vijiko vya fedha na vitambaa vyeupe katika behewa la chakula, ambazo bado zinauzwa kwa watalii, ni kumbukumbu za wachache. Uhakiki unaozirudia bila ya kuuliza nani alikula na nani aliosha vyombo unajipunguzia thamani.

Pamoja na hayo, watu walioingizwa mjini kwa mlango wa nyuma waliifanya stesheni kuwa yao. Fasihi imelihifadhi jambo hili vizuri kuliko majalada ya shirika la reli. Katika riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat (1967), vijana wa kijiji cha Thabai wana desturi ya kwenda stesheni ya Rung'ei siku ya Jumapili kulipokea treni. Hawasafiri. Wanakwenda kuonana, kutaniana, kupata habari na kuonekana. Ngũgĩ anaielewa stesheni kama uwanja wa kijamii uliozuka bila kupangwa na aliyechora reli, na mapenzi na mashindano ya wahusika wake yanapimwa kwa mbio za kuiwahi treni. Chombo kililetwa ili kuchukua pamba, kahawa na askari. Wenyeji wakakigeuza kuwa mahali pa kukutania. Mgeuzo huo ndio unaopaswa kulindwa. Mawe ya jengo yana thamani ndogo kuliko huo.

Mlango unaofunguka barabarani

Jengo lenyewe la stesheni kuu ya Nairobi si la kustaajabisha. Ni la kiasi, halina kuba kama la stesheni ya Maputo, na msafiri mwenye haraka hulipita bila kuinua macho. Thamani yake iko katika kile kinachoonekana mtu anapotoka. Mbele yake ziko Haile Selassie Avenue na Moi Avenue. Kando yake kuna stendi ya matatu ambayo wakazi wa Nairobi huiita Railways tu, yanakopandiwa magari ya Rongai, Ngong na Lang'ata. Soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, liko umbali wa mkokoteni. Muthurwa iko jirani, na kwa kuifuata Landhies Road mtu hufika kwenye mabasi ya kwenda mashambani, na mbele yake Gikomba. Mchuuzi aliyepanda treni ya asubuhi kutoka Kikuyu na gunia la sukumawiki hahitaji gari la pili. Anahitaji mtu wa kumsaidia kulitua.

Hapa ndipo kazi halisi ya stesheni ya kati inapoonekana. Treni ni sehemu moja tu ya huduma. Sehemu nyingine hutolewa na watu wasiomo katika orodha ya mishahara ya shirika lolote: mpiga debe anayejua kwamba gari la Ngong limekwama, muuza chai anayejua kwamba treni ya Ruiru imechelewa, mwenye meza ya simu anayempa mgeni nafasi ya kuchaji na kumpigia nduguye. Mgeni anayefika mjini kwa mara ya kwanza anapokewa na maarifa hayo kabla ya kupokewa na mwenyeji wake. Wenye kupanga miji huyaita msongamano. Kuna ukweli ndani ya neno hilo, kwa sababu wezi nao wapo, uchafu upo, na mtu mwenye kiti cha magurudumu hupata taabu kubwa kupita hapo. Lakini ukiuondoa msongamano wote kwa pamoja, umeondoa pia aliyekuwa akimwelekeza mgeni njia.

Swali la usalama linastahili heshima yake. Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lililolenga ubalozi wa Marekani lililipuka kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, hatua chache kutoka stesheni. Watu zaidi ya 200 waliuawa, wengi wao wapita njia na wafanyakazi wa maofisi ya jirani. Bustani ya kumbukumbu iko hapo hadi leo, na wanaokwenda kupanda treni ya jioni huipita. Hivyo anayeshangaa kwa nini stesheni mpya zimezungushiwa uzio na mbwa wa kunusa akumbuke kwamba woga huo una tarehe na una makaburi. Ukaguzi wenyewe una sababu. Kasoro ni kwamba umefanywa kuwa umbo la jengo zima, kana kwamba kila anayekaribia stesheni bila tiketi hana haki ya kuwa hapo. Stesheni ya zamani hukagua pia, ila hukagua kwenye mlango wa jukwaa. Uwanja wa mbele umebaki wa mji.

Sitiari inayotazama maegesho

Stesheni kubwa zilizojengwa katika miaka ya karibuni zina tabia moja ya kifasihi: kila moja inataka kuwa sitiari. Ya Mombasa imechorwa ikiigiza mawimbi ya bahari. Ya Dar es Salaam inaigiza jiwe la tanzanaiti. Ya Nairobi, kule Syokimau, inajivunia umbo la chuma na kioo linaloashiria mwendo. Sitiari hizi zinasomeka vizuri kwenye picha iliyopigwa kutoka angani. Msafiri, hata hivyo, hasafiri angani. Anakuja kwa miguu kutoka kituo cha matatu, juani au mvuani, na swali lake la kwanza si jengo linafanana na nini bali mlango uko wapi. Syokimau jibu la swali hilo hupitia kwenye uwanja mpana wa maegesho. Jengo linamtazama mwenye gari.

Sababu za kuiweka stesheni huko si za kipuuzi, na mhakiki asizipite. Reli mpya ina geji ya milimita 1,435, tofauti na milimita 1,000 za reli ya zamani, na treni ya kasi haiwezi kufuata kona kali zilizochorwa katika karne ya 19. Ardhi ya katikati ya mji ni ghali, na kando ya reli ya zamani wanaishi maelfu ya watu ambao kuwahamisha kungedai fidia na kuleta mateso. Zaidi ya hayo, reli ilijengwa hasa kwa ajili ya makasha ya bandari, na bohari ya makasha iko Embakasi. Abiria walifuata njia ya mizigo. Sentensi hiyo fupi inaeleza mengi kuhusu stesheni ya Syokimau kuliko maelezo yote ya usanifu wake.

Watetezi husema pia kwamba mji utaifuata stesheni, kama ulivyofanya mwaka 1899. Hoja hii ina mfano wa karibu. TAZARA ilipojengwa kati ya 1970 na 1975, stesheni yake ya Dar es Salaam iliwekwa mbali na katikati ya mji, kwenye barabara ya kwenda Pugu. Leo Tazara ni makutano makubwa yenye barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2018, na hakuna anayedhani yuko nje ya mji. Lakini Dar es Salaam ilichukua miongo kadhaa kufika hapo, na iliifikia barabara na viwanda kabla ya kuifikia stesheni. Tena mji hukua kuzunguka mlango ulio wazi. Nairobi ya 1899 ilikua kwa sababu aliyetaka kufungua duka aliweza kulifungua mbele ya stesheni. Mji hauwezi kukua ndani ya uzio.

Ukosoaji wenye nguvu zaidi wa Syokimau haukutoka kwa wahakiki, ulitoka kwa waendeshaji wenyewe. Walianzisha treni ya kuunganisha, inayotoka stesheni kuu ya zamani kwa reli ya zamani na kumpeleka abiria kwenye stesheni mpya kwa wakati wa treni ya Mombasa. Ni huduma nzuri na wengi huitegemea. Ni ukiri pia. Reli mpya inahitaji mlango wa reli kongwe ili kuufikia mji ambao jina lake limeandikwa kwenye tiketi. Barabara ya kulipia kati ya Mlolongo na Westlands, iliyofunguliwa mwaka 2022, imepunguza muda kwa wenye magari na wenye uwezo wa kulipa ada yake. Kwa abiria wa daraja la kawaida, msaada umebaki kuwa ile treni ndogo.

Treni ya usiku inalidhihirisha tatizo kwa ukali zaidi. Huondoka Nairobi saa nne usiku na hufika Mombasa kabla ya mapambazuko, saa ambayo mtu mwangalifu hapendi kuwa barabarani na mizigo. Kwa stesheni ya kisiwani, mtu angetembea hadi Mwembe Tayari, mahali ambapo watu hawakosekani. Miritini anachagua kati ya kulipa teksi bei ya usiku na kungoja kuche. Ratiba hiyo inaonekana kupangwa na mtu aliyetazama saa ya kuondoka bila ya kujiuliza abiria atafika wapi saa tisa na nusu ya usiku.

Dar es Salaam: stesheni iliyobaki mjini

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Stesheni yake ya mwanzo iliwekwa karibu na bandari, na Tanzania ilipoamua kujenga reli mpya ya umeme, ilikuwa na sababu zote zilizokuwa na Kenya za kuihamisha: ardhi ghali, kona kali, wakazi wengi. Haikuihamisha. Stesheni mpya imesimama jirani na ile ya zamani, na reli imepitishwa juu ya nguzo ili iingie mjini bila kukata barabara. Huduma ya abiria hadi Morogoro ilianza Juni 2024 na hadi Dodoma Julai mwaka huohuo; uzinduzi rasmi ukafanyika tarehe 1 Agosti 2024.

Gharama ya nguzo hizo ni kubwa, na mchumi anaweza kuuliza kama fedha hizo zisingefaa zaidi kwingine. Jibu lipo gatini. Msafiri anayetoka Unguja kwa boti anashuka kwenye barabara ileile ya pwani, Sokoine Drive, na anaweza kwenda stesheni kwa bajaji kwa dakika chache, au kwa miguu akiwa na begi jepesi. Mtu wa Kariakoo vilevile. Kuna mtu wa Chake Chake ambaye anaweza kufanya shughuli Dodoma bila ya kuwahi kuingia kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro. Dakika anazookoa hazimo katika kasi ya kilomita 160 kwa saa inayotajwa kwenye matangazo. Zimo katika mahali stesheni ilipo.

Isidhaniwe kwamba Tanzania imefanya hivyo kila mahali. Stesheni mpya ya Morogoro iko Kihonda, nje ya kitovu cha mji, na wanaoshuka hapo wanazungumza lugha ileile ya bodaboda na nauli ya ziada wanayoizungumza wa Syokimau. Uamuzi mzuri wa Dar es Salaam haukugeuka kuwa kanuni. Ulibaki uamuzi wa mji mmoja.

Majina na wanaoyatumia

Kwa kongamano la Kiswahili, jambo la majina haliwezi kupitwa. Dar es Salaam neno Stesheni, bila ya nyongeza, ni jina la mahali. Makondakta wa daladala huliita na kila mtu anaelewa. Treni ya mjini iliyoanza mwaka 2012 wakazi waliiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, na jina hilo likashinda la ofisini. Nairobi, jina Railways ni la Kiingereza kwa asili, ila matumizi yake ni ya mtaani kabisa, na hakuna anayelitamka akifikiria ofisi. Majina haya yalitokana na watu kupatumia mahali.

Stesheni mpya zimepewa jina kabla ya kutumiwa. Treni ina jina lililo nusu Kiswahili, Madaraka Express, nalo ni jina lenye uzito wa historia. Stesheni zake kubwa ni Nairobi Terminus na Mombasa Terminus. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na Mombasa ni mji ambao lugha hiyo imetungiwa tenzi kwa karne nyingi. Haikuwa vigumu kusema stesheni. Neno hilo limo katika kamusi, limo midomoni, na abiria wa Miritini hulitumia wenyewe wanapomwambia dereva wanakokwenda. Jina la ubaoni likitofautiana na jina la mdomoni, mgeni ndiye anayepotea.

Ekari 425

Mjadala huu si wa kihistoria tu. Kenya ina mpango wa kuliendeleza eneo la ekari 425 linaloizunguka stesheni kuu ya Nairobi, kwa jina la Nairobi Railway City, pamoja na kujenga stesheni mpya ya kati. Uganda ilisaini mkataba wa kujenga reli ya geji pana kutoka Malaba hadi Kampala mwezi Oktoba 2024. Burundi inaungwa na Reli ya Kati kwa njia inayotoka Uvinza. Katika miji yote hiyo kuna ramani mezani, na katika kila ramani kuna nukta inayoonyesha stesheni itakaa wapi. Kuihamisha nukta hiyo leo ni kazi ya kifutio. Ikishamwagiwa zege ni kazi ya treni ya kuunganisha.

Mpango wa Nairobi umeanza na jambo sahihi, kwamba stesheni ibaki katikati. Hatari yake iko kwingine. Michoro ya miradi ya aina hii kwa kawaida huonyesha watu wachache, wamevaa vizuri, wakitembea bila mizigo kwenye viwanja vipana vya mawe. Stendi ya Railways haimo, mikokoteni ya kwenda Marikiti haimo, mwenye meza ya simu hayumo. Upembuzi yakinifu huhesabu abiria kwa tiketi zilizouzwa dirishani, na kwa hesabu hiyo sehemu kubwa ya watu wanaoitumia stesheni kuu ya Nairobi kila siku hawapo. Kabla ya ukuta wa kwanza kubomolewa, inafaa wahesabiwe: wangapi huvuka uwanja wa mbele kwa miguu kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa tatu usiku, wanatoka wapi, wamebeba nini, na wangapi kati yao hawana tiketi. Hesabu hiyo haihitaji mkopo wa nje. Wanafunzi kumi wa chuo kikuu, wenye daftari na kalamu, wanaweza kuikamilisha kwa wiki mbili.